Maneno Yanayoingia Nyumbani: "Charming"

 Ninyi mlio njiani kwenda Kasumbalesa juma hili, Mungu awatangulie, mrudi salama na mizigo yenu.

Juma lililopita niliahidi kwamba tutaongea juu ya neno "interest", lile linaloandikwa kwenye karatasi za mkopo. Litangoja. Alhamisi, tulipomaliza likelemba na wengi walikuwa wamekwisha kushika njia, mama mmoja alibaki kwenye benchi, telefone ya binti yake mkononi. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala. Akaniambia: "Mama mwalimu, nisomee neno hili. Lakini nisomee vizuri, kwa sababu limeshaivunja nyumba yangu."

Neno lilikuwa "charming". Mwanaume fulani alikuwa amemwandikia binti yake wa miaka 17 kwamba yeye ni "charming". Mama hajui Kiingereza. Aliuona ujumbe ule telefone ilipokuwa kwenye umeme, akaupeleka kwa jirani mwenye kamusi ya zamani. Jirani akatafuta, akaliona neno "charm", na mbele yake maana: hirizi, dawa ya uganga. Akafunga kitabu. "Mama, mtu huyu anasema mtoto wako ana uchawi."

Usiku ule ule mama alipindua godoro la binti yake. Alimwaga begi la shule sakafuni, akapapasa pindo la uniforme kutafuta kitu kilichoshonwa ndani. Hakupata ila kalamu mbili na mkufu wa ubatizo. Binti alilia, akauliza amefanya nini, hakujibiwa. Kulipokucha alikwenda kwa mama yake mkubwa huko Katuba, na hajarudi.

Sitamcheka jirani. Kamusi haikusema uongo, na yeye alisoma alichokiona. Lakini hapa Lubumbashi tunajua mtoto akishaitwa mchawi anaweza kuishia wapi. Wengine wanalala sokoni mpaka leo, na mama zao wako hai. Neno moja lililosomwa nusu linatosha kumtoa mtoto nyumbani. Kwa hiyo tulisome lote.

"Charming" ni neno la sifa, lile ambalo shuleni tuliliita kwa Kifaransa "adjectif". Mtu akikuambia wewe ni "charming", anasema unapendeza, una mvuto, ukiwa karibu watu wanafurahi kuwa na wewe. Ni sifa. Hakuna uchawi ndani yake, wala tusi. Binti hakusingiziwa kitu.

Lakini jirani aliona nini basi? Aliona babu wa neno. Zamani sana, kwa Kilatini, watu walikuwa na neno "carmen". Lilikuwa na maana ya wimbo, na pia maneno ya mganga, yale yanayoimbwa juu ya mtu ili afanye asichokusudia. Wafaransa walilipokea, likawa "charme". Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, likawa "charm". Katika safari hiyo lilibeba mizigo miwili, na mpaka leo inakaa pamoja. Kwa Kiingereza "charm" inaweza kuwa hirizi unayofunga shingoni, na inaweza kuwa mvuto wa mtu. Nasi tunaongea hivyo hivyo bila kufikiri. Kijana akipenda kupita kiasi tunasema amerogwa, na hakuna anayemtafuta mganga, tunajua ni kuongea tu. Waingereza walifanya hivyo karne kwa karne mpaka uganga ukatoka katika neno, yakabaki mapendo. Karibu uganga wote, nitarudi hapo.

Ninyi mnaosema Kifaransa, lile neno "enchanté" tunalojibu tukijulishwa kwa mgeni lilizaliwa hivyo hivyo. Ndani yake mna kuimba, na mna kuloga. Kila Jumapili mlangoni mwa kanisa tunawaambia wageni kwamba wametuloga, na mchungaji anasimama pale anacheka.

Sasa namna ya kulitamka, kwa sababu watoto wanabishana nyumbani. Kwa Kifaransa ni "sharman". Kwa Kiingereza linaanza kwa sauti ya "chai" na "chakula": "chaaming". Msiwagombeze, wote wawili wana haki, na sababu yake inapendeza. Waingereza walichukua neno hili zamani, wakati Wafaransa wenyewe walikuwa bado wanatamka "ch" kama sisi katika "chai". Baadaye Wafaransa walilainisha sauti yao ikawa "sh", Waingereza wakabaki na ile ya kale. Ushahidi tunao mdomoni kila siku. Hapa kwetu tunasema shefu wa avenyu, shefu wa kartiye. Ukivuka Kasumbalesa, upande wa Zambia, mkubwa wa kijiji anaitwa "chief", chifu. Ni neno moja lile lile. Moja lilitoka kwa Wafaransa mapema, lingine tulipewa sisi likiwa limeshabadilika.

Tuje kwenye matumizi, maana hapo ndipo watu wanajikwaa.

"Charming" haisemi mtu ni mzuri wa sura. Kwa uzuri wa macho wana "beautiful", wana "pretty". Mtu anaweza kuwa na pua iliyopinda na meno machache, akawa "charming" kushinda wote mezani, kwa sauti yake, kwa kucheka kwake, kwa namna anavyokusikiliza kama hakuna mwingine duniani. Mzee anaweza kuwa "charming". Mtoto pia. Hata nyumba ndogo yenye maua mlangoni, au kijiji, Waingereza watakiita hivyo. Kiswahili cha vitabu kina neno "haiba" ambalo liko karibu nalo. Limetoka kwa Waarabu, na kwao lina uzito wa heshima inayotia woga kidogo, ile unayoisikia mbele ya mkubwa. Kwetu si neno la kila siku. Sisi tunasema mtu anapendeza, au ana mvuto. Mimi napenda "mvuto", kwa sababu halifichi kazi yake: kuna mtu anayevuta, na kuna mwingine anayevutwa.

Kwa Kiingereza hao wawili hutofautishwa na mkia wa neno. Mkia wa "-ing" ni wa anayevuta, mkia wa "-ed" ni wa aliyevutwa. "Charming" ni yule anayependeza. "Charmed" ni yule aliyependezwa. Binti mmoja wa kwaya alisimama mbele ya wageni kutoka Ndola akitaka kuwaambia amefurahi kuwaona, akasema "I am charming to meet you", yaani, "mimi ninavutia sana kukutana nanyi." Wageni walipiga makofi. Aliketi akaficha uso, na tangu siku ile hajakosea mkia hata mara moja. Mambo ni hayo hayo kwa "boring" na "bored". Mtoto akisema "I am boring", anasema yeye ndiye anachosha watu, wakati shida yake ni kwamba somo la hesabu limemchosha.

Kuna tena matumizi ambayo mtayasikia katika filamu. Mtu anapigiwa mlango usoni, au anatukanwa, halafu anasema neno moja tu, "Charming!", na hacheki. Hapo maana imegeuka. Ni kama sisi tunavyosema "Asante sana!" kwa mtu aliyetumwagia maji ya matope barabarani. Utalijua kwa sauti, na kwa kuwa limesimama peke yake bila kumtaja mtu.

Na kuna "charmer". Huyo ni mtu ambaye kupendeza kumekuwa kama kazi yake. Waingereza wakisema mwanaume ni "charmer", nusu wanamsifu na nusu wanawaonya binti zao. Yule anayechezesha nyoka kwa filimbi huko India naye anaitwa kwa neno hilo, "snake charmer". Nyoka, kwa habari yenu, hana masikio ya nje kama yetu. Kinachomshika si wimbo, ni ile filimbi inayoyumba mbele ya macho yake. Mwenye filimbi anajua. Watazamaji ndio wanaofikiri ni muziki.

Hapo ndipo ule uganga wa kale umebaki. Ukimwita mtu mwaminifu, umesema kitu kuhusu yeye. Ukimwita mwenye bidii, umesema kuhusu kazi yake. Ukimwita "charming", umesema tu vile unavyojisikia ukiwa mbele yake. Juu ya yeye mwenyewe, anapokuwa peke yake, anapokuwa na njaa, anapokuwa na deni, hujasema kitu.

Jambo hili lilimgharimu mwenzetu mmoja, na ameniruhusu kulieleza. Alifanya kazi miaka 6 katika duka la vifaa vya ujenzi. Aliandika vitabu vya hesabu, alifungua asubuhi, alifunga jioni, na katika miaka hiyo hapakupotea hata mfuko wa simenti. Duka lilipofungwa, mwenye duka alimwandikia barua ya Kiingereza ya kumpendekeza, kwa sababu alitaka kutafuta kazi upande wa Zambia. Barua ilisema yeye ni "a charming lady", mwanamke wa kupendeza, na kwamba wateja walimpenda. Basi. Aliitembeza barua ile miezi mitatu akifikiri amebeba dhahabu. Aliponiletea niisome, niliona kwamba barua haikusema anajua hesabu. Haikusema anaaminika. Kijana aliyekuwa akipakia mizigo katika duka lile lile aliandikiwa "honest" na "hard-working", mwaminifu na mwenye bidii, na alipata kazi. Sidhani mwenye duka alikuwa na nia mbaya. Alidhani anamheshimu mama. Lakini mwenye kazi anayesoma barua hanunui kupendeza, anatafuta mtu wa kumkabidhi funguo. Kwa hiyo, wamama, mkiandikiwa barua kama hizo, ulizeni kabla ya kutoka ofisini: imeandikwa nini juu ya kazi niliyofanya? Na mkikuta "charming" imekaa mahali pa "honest", ombeni ibadilishwe, kwa upole, lakini msiondoke bila hiyo.

Hata katika Maandiko neno hili lina mahali pake. Ile sura ya 31 ya Mithali tunayosomewa kila sikukuu ya wamama, mstari wa 30 unaanza kwa kutuonya juu ya kitu fulani kinachodanganya, kabla ya kufika kwenye uzuri. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union kitu hicho kimeitwa "upendeleo". Kifaransa cha Louis Segond kinasema "grâce". Biblia ya Kiingereza ya mfalme James ya mwaka 1611 inasema "favour". Lakini Biblia nyingi za Kiingereza za siku hizi zimeandika hapo "charm". Nilipoiona mara ya kwanza nilirudi kuusoma mstari mzima upya. Ninafikiri wafasiri wale waliona vizuri. Mstari hausemi kupendeza ni dhambi. Unasema kunaweza kukudanganya juu ya kilicho nyuma yake.

Binti zetu lakini hawakulipata neno hili katika Mithali. Wamelipata katika hadithi za mwana wa mfalme, "Prince Charming", yule anayekuja na farasi kumtoa msichana jikoni. Mwanaume wa kwenye telefone alijiita hivyo pia, kwa hiyo inafaa tujue jina lile limetoka wapi. Mwaka 1697 mwanamke wa Kifaransa, Madame d'Aulnoy, alitoa hadithi ya mfalme aliyegeuzwa ndege wa buluu, na mfalme huyo aliitwa Charmant. Mwaka ule ule Charles Perrault alitoa hadithi ya Cendrillon, msichana wa majivu na kiatu cha kioo, na humo mwana wa mfalme hana jina kabisa. Baadaye watu walichanganya, jina likawa la kila mwana wa mfalme wa kila hadithi.

Halafu mwandishi Oscar Wilde, katika kitabu chake juu ya Dorian Gray kilichotoka London mwaka 1891, aliligeuza jina hilo likawa chungu. Mna msichana maskini anayecheza tamthilia, umri wake kama miaka 17. Kijana tajiri anakuja kumtazama kila usiku. Msichana hajui jina lake, anamwita "Prince Charming", na hilo linamtosha. Mama yake naye hajui jina, lakini anaona mavazi ya kijana, anahesabu kwamba ana mali, na anaona kufichwa kwa jina kunapendeza. Ndugu yake wa kiume peke yake ndiye anayeuliza: mtu huyu ni nani? Siku moja msichana anacheza vibaya jukwaani, kijana anamkataa usiku ule ule kwa maneno makali, na msichana anajiua. Nimekisoma kitabu hicho mara mbili, na mara zote mbili niliyemkasirikia zaidi ni yule mama.

Sasa turudi kwenye benchi letu.

Nilipomweleza mwenzetu kwamba "charming" si uchawi, alifunika uso kwa kitenge chake akanyamaza kwa muda. Halafu akauliza: "Basi ni neno zuri?" Nikamwambia ndiyo, ni neno zuri. Akanyoosha mkono achukue telefone aende kumtafuta mtoto wake. Nikamwomba anisubirishe kidogo. "Na ujumbe mwingine, nani amekusomea?" Hakuna. Jirani aliishia kwenye neno lile moja, na mama, akiwa na moto wa uchawi kichwani, hakuuliza zaidi.

Ulikuwepo ujumbe wa namna 9. Nilimsomea wote kwa Kiswahili, mmoja mmoja, polepole. Mwanaume anasema ni mhandisi wa migodi huko Afrika Kusini. Katika 7 kati ya hizo 9 binti ni "charming": uso ni "charming", cheko ni "charming", sauti pia ni "charming", na hawajawahi hata kuongea kwa sauti. Katika zote 9, jina la binti halimo. Hata mara moja. Lingeweza kuandikiwa msichana yeyote wa mji huu, na nilianza kufikiri kwamba limeandikiwa wengi. Wa 5 unaomba picha, umesimama, mwili mzima. Wa 7 unasema ipo kazi ya hoteli, mshahara kwa dola. Wa 8 unasema aende Kasumbalesa siku ya Jumanne, mwanamke fulani atampokea kwenye mpaka na kumpa karatasi, na asimwambie mtu nyumbani, ili iwe furaha ya ghafla kwa mama yake. Wa 9 unasema tena yeye ni "charming".

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Alisema neno moja tu: "Jumanne." Tulikuwa Alhamisi.

Tulipanda teksi pamoja mpaka Katuba. Sitaandika yote yaliyosemwa pale, si yangu. Ninaandika tu kwamba mama alianza na godoro. Kabla ya kugusa habari ya mwanaume, alimwambia binti yake: nilikosa, nilipindua vitu vyako kwa sababu ya neno nisilolijua, unisamehe. Mama mkubwa, ambaye alikuwa ametuandalia maneno makali, aliyameza akaenda kuteka maji. Baada ya hapo binti alikubali kuketi. Kama mama angeanza kwa kugombeza juu ya mwanaume, ninaamini Jumanne binti angekuwa mpakani. Mtoto ambaye nyumbani anatafutiwa hirizi atakwenda kwa yule anayemwita wa kupendeza. Ningekwenda hata mimi.

Binti alisema yeye hajaamua kwenda. Alisema pia hajaamua kutokwenda. Kwamba mtu huyu ni wa kwanza kumwambia maneno mazuri mfululizo hivyo, na kwamba anajua Kiingereza chake cha shule ni kidogo, na mwanaume hamcheki. Hatukumbishia. Nilimuuliza tu kama mtu huyo anajua jina lake kamili. Alifikiri. Akasema bila shaka anajua. Akachukua telefone yake, akaandika kwa Kiingereza yeye mwenyewe, na hakuna aliyemsaidia: jina langu kamili ni nani, na ninasoma mwaka wa ngapi?

Jibu lilikuja upesi. Lilisema: "My charming queen, why so many questions?" Malkia wangu wa kupendeza, kwa nini maswali mengi?

Binti alitazama kioo cha telefone muda mrefu. Halafu akasema, "Maswali ni mawili tu," akafunga namba ile asipate tena kumwandikia. Usiku walirudi nyumbani wote wawili. Jirani mwenye kamusi alikuja asubuhi kuomba msamaha, akiwa na sahani ya sombe. Amepokelewa.

Namba ya mwanaume huyo hatuichapishi hapa. Imeandikwa katika daftari la kikundi, ukurasa wa mwisho, na katibu analo. Mama yeyote anayetaka kuilinganisha na namba zilizo katika telefone ya nyumbani kwake aje Alhamisi kabla ya likelemba, aje na binti yake, si na telefone ya kuiba. Mpaka ninapoandika mistari hii, wamama wawili wameshaikuta. Kesho tunakwenda nao kwa shefu wa kartiye, na daftari letu mkononi, ili jambo hili lifike kwa wenye mamlaka likiwa na mashahidi watatu.

Juma lijalo, Mungu akipenda, "interest". Leteni karatasi zenu za mkopo.